Soseji za Zürich

Wakati wa Kwaresima ya 1522, mjini Zürich, Uswisi, kula nyama kulikatazwa. Wafanyakazi wa Christoph Froschauer, mchapaji wa vitabu, walikuwa wamechoka na kazi. Nyumbani mwake soseji zikakatwa vipande, wakala. Padri Zwingli alikuwepo, lakini hakuonja. Froschauer akakamatwa. Tarehe 23 mwezi wa tatu Zwingli akahubiri: anayetaka kufunga afunge, asiyetaka asilazimishwe. Mwezi wa nne mahubiri hayo yakachapwa, na mchapaji ni Froschauer yuleyule!

Sisi Wapentekoste tunaipenda habari hii. Lakini tukitangaza siku tatu za kufunga kavu, tunachunguza nani amekunywa maji, hata mama anayenyonyesha.