Tajiri Ni Nani? Mchezo Mmoja wa Kompyuta na Historia ya Daladala

Dar es Salaam, neno "tajiri" lina kazi mbili. Ya kwanza mnaijua. Ya pili utaisikia kituoni: konda akilalamika kwamba "tajiri kashapiga simu mara tatu", hamzungumzii mtu mwenye majumba Oysterbay. Huyo tajiri anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa akanunua Hiace moja iliyochoka, na mwenyewe bado amepanga vyumba viwili Yombo. Tajiri ni mwenye gari, basi.

Naanzia hapo kwa sababu mchezo wa kompyuta ninaotaka kuuzungumzia unaitwa Transport Tycoon, na sisi tulioucheza Tandika miaka ya 2000 hatukuwahi kuuita hivyo. Tuliuita "Tajiri". Mtu akiingia kafe aliuliza, "Kwenye Tajiri kakaa nani?" Najua wapo watakaosema hapa ni mahali pa vitabu, michezo ya kompyuta ya nini? Nivumilieni kidogo. Mchezo nao unasimulia, na lile swali tunaloiuliza kila riwaya, nani anasimulia na anaona nini kutoka pale alipokaa, linaufaa vilevile.

Kafe yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, kompyuta sita za mtumba, mbili kati ya hizo zikiwa mbovu kila wakati. Ilikuwa 2006, mwaka wa mgawo wa umeme, kwa hiyo tulijifunza kuhifadhi mchezo kila baada ya dakika chache. Asiyehifadhi alipoteza kampuni nzima kwa mpigo mmoja. Mchezo ulikuja kwa CD ya kunakili, na ulipendwa kwa sababu rahisi: kompyuta zilikuwa kuukuu, na mchezo nao ulikuwa wa zamani, hivyo walielewana.

Aliyeutunga ni Chris Sawyer, mtunzi wa programu kutoka Uskoti, na kampuni ya MicroProse iliuuza kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Toleo la Deluxe, lile tulilolicheza sisi, lilifuata 1995. Unapewa nchi ya kubuni unayoitazama kutoka juu, kama umekaa kwenye ungo. Mwaka ni 1950. Mkononi una mkopo wa benki kabla hujafanya lolote. Unajenga kituo, unajenga gereji, unanunua basi, unalipangia njia. Abiria wakishuka, pesa inaandikwa juu ya basi na kupaa. Malipo yanategemea umbali na muda: ukichelewa, unapungukiwa. Basi likizeeka linasimama njiani na kutoa moshi. Kila mwaka unaletewa hesabu, faida au hasara.

Huo mwaka 1950 ulinivutia baadaye, nilipoanza kusoma habari za mji wangu. Kwa sababu Dar es Salaam ya 1950 ilikuwa karibu sawa na ramani ile. Mabasi ya mji yalikuwa ya kampuni ya Waingereza, Dar es Salaam Motor Transport, DMT, iliyoanza 1949. Mji mmoja, tajiri mmoja. Likaja Azimio la Arusha, 1967, na mwaka 1970 DMT ikataifishwa. Mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikapewa safari za mikoani, na mjini likabaki Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA.

Mwaka huohuo wa 1974 kuna jambo jingine lilitokea. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na uzoefu wa mashine hizo haukuwafurahisha wakubwa. Hebu fikiria basi: mchezo ambamo mtu binafsi anachukua mkopo, ananunua mabasi, anatoza nauli na kuweka faida mfukoni, tena kwenye kompyuta. Kwa Tanzania ya 1974 hiyo ni marufuku mara mbili. Hata ulipotoka Ulaya mwaka 1994, Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inapata vituo vyake vya televisheni.

Sasa turudi kafe, kwa maana historia hii sikuipata kwanza vitabuni. Niliipata kwenye maoni ya wachezaji na watazamaji, na watazamaji walikuwa wengi kuliko wachezaji.

Baba yake mwenye kafe alikuwa dereva mstaafu wa UDA. Tulimwamkia "shikamoo mzee", akaitikia bila kutoa macho kwenye kioo. Katika mchezo ule kuna orodha ya mambo unayoweza kuifanyia serikali ya mji: kutangaza biashara, kukarabati barabara, kujijengea sanamu lako mwenyewe katikati ya mji, hata kutoa rushwa. Rushwa ina hatari zake, kwani ukinaswa mji wote unakuchukia, na hapo kafe nzima ilicheka. Lakini kilichomgusa mzee ni kipengele kingine: unaweza kununua haki ya kuwa peke yako mjini kwa mwaka mzima, mshindani asiguse abiria wako.

"Hiyo sisi tulikuwa nayo," alisema. "Na bado tukashindwa."

Akaeleza, na baadaye nikakuta vitabu vinamuunga mkono. UDA ilikuwa na haki ya kuwa peke yake, lakini haikuwa na vipuri. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakausha fedha za kigeni, mabasi yakalala gereji. Yale Ikarus marefu ya kutoka Hungaria, kumbakumba, yalibeba watu mpaka yakachoka. Watu wa Temeke na Kinondoni walisubiri kituoni asubuhi nzima, na wenye magari binafsi wakaanza kuwabeba kwa kujificha. Mwaka 1983, mwaka uleule wa msako wa wahujumu uchumi, serikali ikakubali yaishe na kuwapa watu binafsi leseni. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na wengi wanasema jina la daladala limetoka hapo. Yaani mwaka mmoja mfanyabiashara anakamatwa kwa mkono huu na kuruhusiwa kwa mkono ule. Mchezo hauna mwaka kama huo.

Maoni ya pili yalikuwa ya wanafunzi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sisi tulisema mchezo umetia chumvi, kwa sababu abiria wote ni sawa. Kila kichwa kina bei ileile kwa umbali uleule. Anayeijua Dar anajua kwamba mwanafunzi ana nauli yake ndogo, na kwa ajili hiyo konda humzuia mlangoni mpaka "watu wazima" wapande kwanza. Nimesimama Temeke Mwisho nikihesabu Coaster zilizoniacha. Kwenye kompyuta nilikuwa tajiri wa mabasi arobaini. Nikitoka nje nilikuwa denti wa kusukumwa, na mchezo wenyewe ukaniacha nisijue nimkasirikie nani.

Maoni ya tatu ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Alikuwepo kaka mmoja deiwaka, yaani konda asiye na gari la kudumu, anayeshika siku moja moja pale mwenye zamu akiumwa au akichoka. Siku asiyopata gari alikuja kafe. Alicheza vizuri kuliko sisi sote. Siku moja dogo mmoja alimuuliza, kwa utani tu, "Kaka, konda wako yuko wapi humu?" Maana kweli, mchezo hauna konda. Hauna hata dereva anayeonekana. Basi linajiendea.

Akajibu, huku anaendelea kupanga njia: "Huyu tunayemcheza ndiye konda. Tajiri hayumo."

Tulicheka, tukadhani ni maneno ya kafe. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amesema kitu sahihi kabisa.

Angalia daladala inavyofanya kazi. Asubuhi tajiri anakabidhi gari. Jioni anataka hesabu, kiasi alichokipanga yeye, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo ya siku. Faini ya trafiki, pancha, mpiga debe wa kituoni, vyote vinatoka humohumo. Kinachobaki baada ya yote hayo ndicho mshahara wa dereva na konda, na kuna siku hakibaki kitu. Kwa hiyo anayeumiza kichwa kama foleni ya Tazara imefunga, kama akatishe safari Buguruni au afike mwisho, kama ajaze watu ishirini wa kusimama au asubiri, siyo mwenye gari. Mwenye gari ana uhakika wa hesabu yake. Anayebeba hatari, anayepiga mahesabu ya umbali, muda na abiria kila dakika, ni konda aliyening'inia mlangoni. Ile kazi ambayo mchezo unaiita utajiri, Dar es Salaam tumempa mtu asiye na gari wala mkataba.

Mtafiti Matteo Rizzo aliandika kitabu kizima juu ya suala hili, Taken for a Ride, kilichotoka 2017, na humo utakutana na jitihada za wafanyakazi wa daladala kuunda umoja wao na kudai mikataba. Ni hadithi ndefu ya kuahidiwa. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, wakagoma tena Mei, na mkataba wa ajira ulikuwa miongoni mwa madai. Siku zile watu wa Mbagala walitembea kwa miguu mpaka mjini. Ghafla kila mtu akaona kwamba mabasi hayajiendei.

Kuna wanaoutetea mchezo, na sitaki niwadhulumu. Rafiki yangu mmoja wa Mwananyamala huniambia kwamba ninautaka mchezo ubebe mzigo ambao si wake. Anasema kwa kijana wa uswahilini, kukaa mbele ya ramani na kuamua barabara ipite wapi ilikuwa mara ya kwanza kabisa kuulizwa maoni yake juu ya mji. Mipango ya mji wetu ilikuja imeshapangwa: DMT walikuja nayo, UDA wakaja nayo, na mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, ilikuja imeshachorwa. Ana hoja. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na hata yule kaka deiwaka alikuwa anaifuata furaha hiyohiyo.

Na wachezaji wa duniani wameonyesha kwamba maoni yanaweza kuugeuza mchezo. Mwaka 2004 Ludvig Strigeus wa Sweden alitoa OpenTTD, mchezo uleule ulioandikwa upya, wa bure, ambao yeyote anaweza kuubadilisha. Lalamiko moja la wachezaji lilikuwa kwamba abiria hana anakokwenda: anashuka popote basi linapomshusha, na analipa. Sisi wa Dar hatukuliona hilo kuwa kosa, tulishazoea kuambiwa "mwisho wa gari" njia panda. Wao walilalamika, wakabishana, wakaandika programu, na toleo la 2014 likaja na uwezo wa kumpa kila abiria mahali anapokwenda. Ilichukua miaka, lakini abiria wa kubuni alipata haki yake.

Kwenye fasihi tumewahi kufanya mageuzi ya namna hiyo. Shafi Adam Shafi alipoandika Kuli, 1979, alimtoa mpagazi wa bandarini kwenye mgongo wa hadithi akamweka mbele. Konda bado anasubiri riwaya yake. Tunamkuta kwenye vichekesho na nyimbo, mdomo mchafu, shati limechomoka, akirudisha chenji kwa kusahau. Sijamkuta akipiga mahesabu.

Mwezi uliopita niliufungua tena mchezo nyumbani, nikauita mji mmoja Tandika na mwingine Mwenge. Nikanunua basi moja, nikabofya juu yake kuangalia taarifa zake. Zipo: kasi, umri, faida ya mwaka huu, faida ya mwaka jana. Kisha kuna mstari mmoja wa gharama za uendeshaji kwa mwaka, tarakimu moja tu. Mafuta yamo humo. Tairi zimo humo. Nadhani na dereva yumo humo pia, maana sikumwona kwingine kokote.

Yule kaka nilionana naye mara ya mwisho kituo cha Rangi Tatu, miaka kadhaa sasa. Alikuwa amepata gari la kudumu. Nikamuuliza, kwa lugha yetu ya kafe, kama amekuwa tajiri. Akasema hesabu imepanda, akapiga bodi, gari likaondoka.