Wavuta Hewa wa Eastlands

"Baridi ama moto?" Ndivyo utakavyoulizwa ukiagiza soda Jericho, Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands, Nairobi, na mgeni asishtuke: soda moto ni ile ambayo haijapita kwenye friji. Nyuma ya swali hilo kuna fundi wa friji ambaye hakuna aliyemwandikia historia.

Mimi naianzia Buruburu, mtaa uliojengwa miaka ya 1970 kwa watu wa mshahara wa kati, wenye uwezo wa kununua friji. Mwaka 1985 Rais Moi alipozuru Kamukunji na kuagiza mafundi wa jua kali wajengewe mabanda, waliosifiwa ni wagonga mabati, wenye masanduku na makarai. Fundi wa friji hakuhitaji banda. Karakana yake ilikuwa begi, na kazi aliifanyia jikoni kwa mwenye friji.

Enzi hizo gesi ilikuwa R12. Fundi alikata paipu ya kopa, akachomelea palipovuja, kisha akaachia gesi kidogo ipite fyuu ikisukuma hewa nje, akaziba. Waliojali zaidi walichukua kompresa ya friji iliyokufa wakaigeuza pampu ya kuvuta hewa. Nawavulia kofia hao. Adui hakuwa hewa tu bali maji yaliyomo ndani yake: tone dogo huganda kwenye mdomo wa kapilari, ile paipu nyembamba, friji ikasimama, likiyeyuka, friji ikafufuka. Mama mwenye duka akaapa kuwa fundi kamroga.

Kilichobadilisha mambo kilitoka mbali. R12 ilikuwa inakula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao Kenya iliuridhia mwaka uliofuata, ukaipiga marufuku polepole. Nchi zetu zilipewa hadi 2010. Ikaja R134a, na pamoja nayo oili mpya inayonyonya unyevu kama kitambaa kikavu. Fyuu ya zamani haikutosha tena. Unyevu ukibaki, oili huharibika, asidi hutokea, nayo hula waya za kompresa. Hapo ndipo pampu halisi ya vakyumu ilipoacha kuwa anasa.

Na vakyumu ya Nairobi ina ujanja wake. Geji imechorwa hadi inchi 30 za zebaki. Mombasa, pampu nzuri huifikisha sindano karibu na hapo. Eastlands, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, sindano hukwama karibu na 25 hata pampu iwe mpya, maana hewa yenyewe ya kuvutwa ni pungufu. Fundi asiyejua hurudisha pampu dukani akagombana na mwenye duka bure. Anayejua huiacha ingurume nusu saa au zaidi, ili maji yachemke bila moto na kutoka yakiwa mvuke, kisha hufunga vali na kuitazama sindano. Ikirudi nyuma, kuna tundu au bado kuna maji.

Kazi hiyohiyo inafanywa kusini mwa Ufaransa, kwenye mtambo wa ITER unaojengwa ili kuunganisha viini vya hidrojeni kama jua linavyofanya. Chombo chake kina mita za ujazo 1,400, na hewa itavutwa mpaka kanieneo ibaki sehemu moja ya milioni ya ile ya kawaida, kazi ya saa 24 hadi 48. Kutafuta tundu, fundi wetu hujaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni. Wao hupuliza heliamu nje na kunusa ndani kwa mashine. Hatua ya mwisho ya kunasa heliamu ndani ya pampu zao, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ni ya mkaa wa vifuu vya nazi. Vifuu, vile tunavyowashia moto Pwani!

R134a nayo ina siku zake, kwani inapasha dunia joto. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuzipunguza gesi za ukoo wake. Friji nyingi mpya zina R600a, jamaa wa gesi ya kupikia, inayowaka. Kwa hiyo fundi akija kwako kesho, kabla hamjaelewana bei, soma kibandiko nyuma ya friji, kisha umuulize pampu yake iko wapi.