Habari ya Kiasi cha Bunduki

Msafiri apitaye mkoa wa Singida huona nchi za namna mbili. Kusini, karibu na Itigi, kuna vichaka vilivyosongamana hata mtu hawezi kuona hatua chache mbele yake. Akienda kaskazini mpaka mbuga za Wembere, nchi hufunguka, na macho hufika mbali bila kizuizi. Kwa sababu hiyo watu huuliza: mwindaji wa wanyama wakubwa achague risasi gani, hasa akitaka kupiga kutoka mbali? Leo twapenda kujibu swali hilo kwa njia ya historia, kwa kuwa wengi walilijibu kabla yetu, na wengine walilipa makosa yao kwa damu.

Kwanza tueleze neno. Siku hizi twasema risasi kwa kitu chote kitiwacho katika bunduki. Wazee walitofautisha. Risasi ni ile itokayo na kupiga tu. Ganda la shaba, fataki, baruti na risasi vikiwa pamoja, waliviita kiasi, na wingi wake viasi. Neno hili lafaa, maana kiasi ni kipimo. Baruti imepimwa, risasi imepimwa, na nguvu ya moja hulingana na uzito wa nyingine.

Zamani za gobore hapakuwa na kiasi cha namna hiyo. Mwindaji alijipimia mwenyewe, akamimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia, kisha akatia kipande cha risasi au cha chuma. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, nyika ambayo wapagazi waliiogopa kwa ukosefu wa maji. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo kwa wingi. Nyungu ya Mawe, aliyetawala Ukimbu hata alipokufa mwaka 1884, alipata nguvu kwa biashara ya pembe na kwa rugaruga wake wenye bunduki. Lakini gobore halikupiga mbali kwa shabaha ya kweli. Mtutu wake ni laini ndani, na risasi hutoka ikiyumba. Basi mwindaji alilazimika kumkaribia tembo.

Ufundi wa kumkaribia mnyama ulikuwapo kabla ya baruti. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na chama cha wawinda-tembo kiitwacho Bayege, na chama hicho kilifundisha wanachama wake kwa taratibu na miiko yake. Mtu aliyetumia mshale wenye sumu hakuweza kujidanganya juu ya umbali. Alijua upepo, akajua tabia ya mnyama, akasogea.

Wazungu nao walianza na bunduki nzito zisizofika mbali. Frederick Courteney Selous alifika kusini mwa Afrika mwaka 1871. Tembo wake wa kwanza aliwapiga kwa bunduki ya kushindilia, ambayo risasi zake 4 zilitimiza uzito wa ratli 1; yaani risasi moja ilikuwa karibu gramu 113. Bunduki hizo zilimpiga teke begani hata baadaye akajuta kuzitumia, kwa kuwa ziliharibu uthabiti wake wa kulenga. Hapo twapata fundisho la kwanza: kiasi kikubwa kupita uwezo wa mwenye bunduki hakimfai, maana mtu akiogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti hiyo ilikuwa na nguvu kuliko ile nyeusi ya mkaa, kiberiti na shura. Risasi ikaweza kuwa nyembamba, ikaenda kwa kasi, na njia yake ikanyoka zaidi. Tofauti hiyo ilionekana katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa Wadachi walikuwa na bunduki za zamani za mwaka 1871, na moshi wa baruti nyeusi uliwaonyesha adui mahali walipo.

Lakini baruti mpya haikufikia watu wote. Tarehe 2 Julai 1890 serikali za Ulaya na nyingine zilipatana huko Brussels kuzuia bunduki za kisasa na viasi vyake zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa serikali na kwa wachache wenye kibali. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Gobore za gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Kwa hiyo, wakati mgeni alipochagua kiasi katika duka la London, mwanakijiji wa Ukimbu alibaki na silaha ya babu yake. Tusisahau jambo hilo tusomapo vitabu vya wawindaji mashuhuri. Ustadi haukukosekana huku kwetu. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa.

Baada ya hapo wawindaji wageni waligawanyika. Wengine walipenda viasi vizito, kama kile cha .450 kilichotolewa na John Rigby wa London mwaka 1898, chenye risasi ya gramu 31. Mwingine, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda tangu mwaka 1902, alitumia sana kiasi cha Mauser cha milimita 7, chenye risasi ya gramu 11 tu. Katika maisha yake aliua tembo zaidi ya 1,000. Wengi walisikia hesabu hiyo wakadhani siri imo katika kiasi chake. Sivyo. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, tena alimkaribia mnyama kabla ya kupiga. Alichagua risasi ngumu, isiyobonyea kwenye mfupa. Mwenye kumwiga bunduki bila kumwiga elimu alijitia hatarini.

Katikati ya pande hizo mbili kilitokea kiasi cha .375, kilichotolewa mwaka 1912 na Holland & Holland wa London. Risasi yake ni ya gramu 19 hivi, nayo hutoka kwa mwendo wa mita 770 kwa sekunde. Kilipendwa sana katika Afrika ya Mashariki, maana chafaa mbugani na vichakani.

Sasa turudi kwenye swali la kupiga kutoka mbali. Tufanye hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifuata. Risasi hiyo ikienda mita 300 hutumia karibu nusu ya sekunde. Katika muda huo huvutwa chini zaidi ya mita 1 kutoka mstari wa mtutu. Kama bunduki imelinganishwa kwa mita 200, na mwindaji hakutambua kuwa mnyama yuko mita 300, risasi itapita chini ya shabaha kwa shubiri moja na nusu hivi. Tena, mnyama akipiga hatua katika nusu sekunde hiyo, atasogea zaidi ya nusu mita; risasi iliyokusudiwa moyo itaingia tumboni.

Katika miaka ya 1940 Roy Weatherby wa Marekani alitengeneza viasi vyenye kasi kubwa zaidi. Vyapunguza kosa hilo, lakini haviliondoi. Hakuna baruti imzuiayo mnyama kutembea.

Na ni nani alipaye kosa hilo? Mara nyingi si mpigaji. Tembo au nyati mwenye jeraha huingia kichakani, na mgeni hurudi kambini. Kesho yake mama aendaye kutafuta kuni, au mtoto achungaye mbuzi, ndiye akutanaye naye. Kwa ajili hiyo kanuni za uwindaji zimeweka kipimo cha chini cha bunduki kwa wanyama wa hatari, na uwindaji wenyewe hautakiwi kufanywa bila kibali cha serikali.

Basi jibu letu ni hili. Mwenye kibali achague kiasi ambacho bega lake laweza kukistahimili, chenye risasi ngumu na nzito ya kutosha kufika penye uhai wa mnyama. Kisha, akifika Wembere na kumwona mnyama mbali, afanye kama angekuwa katika vichaka vya Itigi: apime upepo, ainame, asogee. Asipoweza kusogea, amwache aende zake.