Steringi wa Ngarambe: Kinjikitile alivyogeuka Kinjeketile

Kwenye muvi tulizokulia, steringi hafi. Atapigwa, atatumbukizwa mtoni, wote mtaomboleza, halafu dakika za mwisho huyo anaibuka na bandeji kichwani. Leo twende Rufiji, kwenye stori ambayo steringi wake aliingia majini, akaibuka, kisha akanyongwa. Na miaka zaidi ya 60 baada ya kunyongwa akazaliwa upya, safari hii kwa kalamu ya msanii.

Njia unaijua. Unapanda basi la kusini pale Mbagala, unapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Daraja la Mkapa. Upande wa kushoto mto unakwenda kujigawa vijito vingi kwenye mikoko ya delta. Upande wa kulia, ndani ndani, iko Ngarambe. Abiria wengi wanapita hapo wamelala. Mimi nataka tuamke kidogo.

Mtu mwenyewe

Mwaka 1904 pale Ngarambe aliishi mtu anaitwa Kinjikitile Ngwale. Wazee waliohojiwa baadaye walisimulia kwamba alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama kwenye bwawa la mto mbele ya ndugu zake. Walimtafuta wakamkosa. Kesho yake akatoka, nguo zake kavu kabisa, akaanza kuongea mambo makubwa: watu wote ni wamoja, na ana dawa ya kugeuza risasi za Mjerumani kuwa maji.

Hapo kumbuka hali ilivyokuwa. Kulikuwa na kodi, viboko, na mashamba ya pamba ambayo watu walilimishwa kwa nguvu huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Kwa hiyo habari za dawa zilienda mbio. Wamatumbi walikuwa na jina la habari hiyo ya kunong'onezana mtu kwa mtu: njwiywila. Hakuna simu, hakuna magrupu, lakini makundi ya watu yakamiminika Ngarambe kuchukua maji.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba, vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Yaani vita haijamaliza hata wiki mbili, mwenye dawa keshaondoka. Moto ukaendelea bila yeye hadi 1907, ukasambaa kusini yote. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Huyo ndo mtu. Sasa tuje kwa mhusika.

Herufi mbili tu

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikikusanya simulizi za Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Wakati huohuo kijana mmoja wa pwani ya kusini, Ebrahim Hussein, alikuwa anaandika tamthilia. Ilitoka 1969, ikaitwa *Kinjeketile*. Mwaka uliofuata akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Wengi wetu tumekutana nayo shuleni, tukaikariri kwa ajili ya mtihani na tukaisahau siku ya pepa.

Soma jina tena taratibu. Kinjikitile. Kinjeketile. "I" mbili zimekuwa "e". Na Hussein alisema wazi kwamba mtu wa kwenye mchezo ni wa kubuni: anafanana sana na yule wa historia lakini siyo yeye, na pale ukweli wa historia ulipombana, alichota kwenye mawazo yake.

Hapo ndo pana somo kwa kila anayetunga, uwe unachora katuni, unaandika hadithi za WhatsApp au unarekodi vichekesho na washkaji. Tuangalie jamaa alifanya nini hasa.

La kwanza, alimpa mhusika wake shaka. Nabii asiye na shaka anafaa kuwa sanamu tu. Kinjeketile wa Hussein anawapa watu maji, watu wanaungana, kila mtu anafurahi. Halafu anashtuka. Katika maneno aliyoyasema akiwa amepandwa na pepo kuna ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani sultani wa Zanzibar. Anajiuliza: tunamfukuza bwana mmoja ili tuingie kwa mwingine? Na kama sehemu hiyo ina walakini, maji je? Anataka watu wasubiri, wajipange kwanza. Too late, kama wasemavyo watoto wa mjini. Neno limeshatoka mdomoni, limekua, halimsikilizi tena baba yake.

La pili, alimzungushia watu wa kumsukuma. Mchezo unaanza na wanawake wanaoongelea njaa na kazi za shuruti, kabla hujamwona nabii wala bunduki. Kwa hiyo ukija kumsikia Kinjeketile, unajua tayari kwa nini watu wanamhitaji vile. Halafu yupo Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, mtu wa vitendo. Kinjeketile anabeba imani, Kitunda anabeba hesabu ya nani atakufa. Ukiwaweka hao wawili chumba kimoja, mazungumzo yanajiandika.

La tatu, na ndo kubwa kuliko yote, alibadilisha kifo. Kinjikitile wa kweli alinyongwa mapema, hakuona watu wakikimbilia bunduki za rasharasha wakiwa na imani ya maji. Hussein akamwacha hai mpaka wapiganaji washindwe, akamweka gerezani pamoja na Kitunda. Anatakiwa atamke jambo moja tu: maji yalikuwa uongo. Na mtazamaji anajua kwamba mwenyewe ana shaka nayo! Lakini anakataa. Akikiri, watawala watawaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kupigana. Maji yanaweza kuwa uongo, ila sababu ya kupigana haikuwa uongo.

Hilo halimo kwenye kumbukumbu yoyote ya Mohoro. Ni la kubuni kabisa. Na bado, Tanganyika ikiwa na miaka michache tu ya uhuru, lilijibu swali ambalo kila mjukuu wa Maji Maji alikuwa nalo: hivi wazee wetu walikuwa wajinga? Msanii aligusa tarehe ili aweze kugusa kidonda.

Delta ileile, kalamu nyingine

Sasa linganisha. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilizamisha meli ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti. Waingereza wakahangaika miezi mingi. Mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, Pretorius, akasaidia kuitafuta ndani ya mikoko. Julai 11, 1915 ikaangamizwa.

Wilbur Smith akaichukua stori hiyo, akabadilisha jina la meli, akatunga mwindaji mlevi na wenzake, akatoa riwaya ya *Shout at the Devil* mwaka 1968. Muvi ikatoka 1976, na Lee Marvin na Roger Moore ndani. Inachekesha, milipuko ya kutosha. Lakini mtafute mtu wa delta humo. Yupo Mohammed, mtumishi wa steringi. Kwenye muvi ni bubu, na aliyeigiza ni Mwingereza, Ian Holm.

Yaani delta nzima, yenye wavuvi, wakata mikoko na wakulima wa mpunga wanaojua kila mkondo na kila kupwa na kujaa kwa maji, ikapewa mhusika mmoja asiyeongea. Smith alifuata matukio ya kweli kuliko unavyodhani. Alichokosa ni sikio.

Na sisi je?

Mwaka 2017 jina la Kibiti lilijaa kwenye habari kwa sababu ya mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Tangu hapo, mtu akitaja anatoka Kibiti, wapo wanaoangaliana. Kontenti zikatengenezwa, vichekesho vikapigwa, na mtu wa kule akawa mhusika wa aina moja tu: wa kuogopwa. Wakati kuna mama anayesubiri boti Nyamisati na kapu la samaki, ana mambo yake kichwani ambayo hakuna aliyemuuliza.

Hussein alianza na simulizi za wazee, kisha akabuni. Kwa hiyo ukitaka kutunga mtu wa Kibiti, nenda kakae Nyamisati siku mbili, sikiliza kwanza. Mpe hofu yake, mpe rafiki wa kubishana naye, mpe jambo atakalokataa kulisema hata akiwa na kamba shingoni. Jina unaweza kubadili. Hata herufi mbili zinatosha.

Haya wadau, kwenu kuna nani ambaye bado hajaandikwa? Mtajeni.