Gonga Kifua Kwanza

Kuna ugonjwa ambao tiba yake iliandikwa Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na bado unaua watu leo. Tiba yenyewe ni fupi: tafuta mahali usaha umejificha kifuani, toboa, uache utoke. Ukisoma hivyo haraka unaweza kudhani kazi iliisha kitambo. Haikuisha. Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na sikuwa nasomea mambo ya hospitali hata kidogo. Lakini nimekaa miezi kadhaa na historia ya ugonjwa huu nikiwafikiria watu wa kwetu, Migori na Homa Bay, na naamini swali gumu halijawahi kuwa utatibiwaje. Swali ni nani atakugonga kifua, na lini.

Ugonjwa wenyewe unaitwa empiema. Mara nyingi unaanza kama nimonia ya kawaida. Mapafu yamefunikwa na utando wa tabaka mbili, na katikati ya tabaka hizo kuna nafasi nyembamba yenye majimaji kidogo tu ya kulainisha. Nimonia ikicheleweshwa, au ikitibiwa nusunusu, maji hujaa pale. Bakteria wakifika, maji yanageuka usaha. Mwanzoni ni mwepesi, hata sindano inaweza kuuvuta. Siku zikienda unakuwa mzito na kujigawa vyumbavyumba kama sega la asali. Wiki zikipita, utando unageuka ganda gumu, na pafu linabanwa humo ndani lisipate kupanuka. Dawa unayomeza haifiki vizuri ndani ya dimbwi kama hilo. Kwa hivyo huu ni ugonjwa wa kuchelewa. Kila hatua yake ni hesabu ya siku zilizopotea.

Madaktari wa shule ya Hippocrates waliujua vizuri. Walimshika mgonjwa mabegani wakamtikisa, huku wametega sikio mbavuni wasikie upande gani maji yanacheza. Mbinu nyingine ilikuwa kumpaka udongo mbichi kifuani kisha kungoja. Mahali palipokauka kwanza palihesabiwa kuwa na joto zaidi, na hapo ndipo walipopasua. Usaha ukitoka mweupe, walikuwa na matumaini. Ukitoka mchafu na kunuka, walijua mgonjwa hana siku nyingi. Hawakuwa na darubini wala dawa ya kuua bakteria, lakini wazo lao lilikuwa sawa.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyezaliwa Graz kwa mwenye nyumba ya wageni. Inasimuliwa kwamba utotoni aliwaona watu wakigonga mapipa ya mvinyo kujua yamejaa hadi wapi. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia nyumba ya kuteka maji. Unagonga jerikeni kwa kidole: palipo tupu panalia, palipo na maji panajibu kwa sauti nzito, fupi. Auenbrugger alichapisha kitabu mwaka wa 1761 akisema kifua cha binadamu hufanya vivyo hivyo. Wenzake wengi hawakumjali. Mwaka wa 1816, jijini Paris, René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, akasikia moyo ukipiga vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Huo ndio mwanzo wa kile chombo ambacho leo kila daktari wa sinema amekivaa shingoni.

Lakini kujua usaha uko wapi hakukutosha. Kisu chenyewe kilitisha. Guillaume Dupuytren, mmoja wa wapasuaji maarufu zaidi wa Ufaransa, aliugua empiema akakataa kupasuliwa. Alikufa mwaka wa 1835. Kama mpasuaji mwenyewe aliogopa kisu, wewe na mimi tungefanya nini?

Sasa tuje upande wa ziwa. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika Mashariki mwaka wa 1914, Homa Bay na Migori za leo zilikuwa ndani ya wilaya ya South Kavirondo, pamoja na Kisii. Vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa wingi kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza hadi Tanganyika, katika kikosi ambacho jina lake limebaki Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Waliotoka joto la ziwa walilala kwenye baridi na mvua, wakala chakula kibovu, wakatembea wakiwa wagonjwa. Maelfu kwa maelfu walikufa, na magonjwa yaliwaua wengi kuliko risasi. Kuhara damu na nimonia ndiyo yaliyoongoza. Hakuna aliyekaa chini kuandika ni vifua vingapi kati ya hivyo vilikuwa na usaha. Ili usaha uandikwe, lazima kwanza mtu akuguse.

Kule Marekani vifua viliguswa. Kambi za wanajeshi zilikumbwa na surua, kisha homa kali ya 1918, na nyuma yake nimonia na empiema. Madaktari walikimbilia kisu mapema, wakaacha kifua wazi. Katika kambi hizo, takriban wagonjwa 30 katika kila 100 walikufa. Jeshi likaunda tume, na daktari kijana aitwaye Evarts Graham akaonyesha tatizo liko wapi: usaha ukiwa bado mwepesi, ukifungua kifua wazi, hewa ya nje inaingia na mapafu yanasinyaa. Bora utoe kwa njia iliyofungwa, usubiri, na umlishe mgonjwa vizuri. Katika kambi walikofuata hayo, vifo vilishuka chini ya 5 katika 100. Mpira uliozamishwa kwenye chupa ya maji, mbinu ambayo Gotthard Bülau wa Ujerumani aliianza miaka ya 1870, ukapata heshima yake. Usaha unatoka, hewa hairudi ndani.

Usidhani ilikuwa shida ya maskini peke yao. William Osler, labda daktari aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake, alikufa Oxford Desemba 1919 baada ya nimonia iliyoleta empiema. Alikuwa na kila daktari aliyemtaka kando ya kitanda chake.

Homa hiyohiyo ya 1918 iliingia Kenya kupitia Mombasa na kupanda na reli. Ufuoni mwa ziwa, hospitali ilikuwa bado ndoto. Wamisionari wa Kisabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Mmoja wao alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi ya leo, jina ambalo hutalisikia sana likitajwa. Hospitali yao ya Kendu ilifunguliwa mwaka wa 1925. Piga hesabu ya umbali wa Karungu hadi Kendu Bay kabla ya lami, kabla ya matatu, ukiwa na joto la mwili la 40 na upande mmoja wa kifua haupumui. Hata ukifika, dawa za kuua bakteria hazikuwepo bado. Zile za salfa zilizosaidia nimonia zilitoka mwishoni mwa miaka ya 1930, na penisilini ikaenea baada ya vita ya pili.

Miongo michache baadaye, eneo letu lilitoa kitu kwa dunia nzima. Kuanzia mwaka wa 1970, wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyoonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. TB nayo hujaza maji kati ya zile tabaka mbili, na wakati mwingine usaha kabisa. Kwa hivyo ukiona kifua kimejaa huku kwetu, lazima uulize: hii ni bakteria ya nimonia au ni TB? Matibabu si yaleyale. Mara nyingi maji ya TB ni ya manjano na hayahitaji mpira, yanahitaji vidonge. Usaha wa nimonia unahitaji vyote viwili, mpira na dawa.

Halafu Ukimwi ukaja na kuchanganya kila kitu. Homa Bay ilipigwa vibaya. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walianza kazi huko mwaka wa 1996, na mwaka wa 2001 hospitali ya Homa Bay ikawa mojawapo ya za kwanza za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo. Utafiti wa 2012 kule Ndhiwa ulikuta takriban mtu mzima 1 kati ya kila 4 anaishi na virusi. Mwenye virusi asiyetibiwa hupata nimonia kali kwa urahisi zaidi, na TB pia. Lakini kulikuwa na madhara mengine yasiyoonekana kwenye takwimu. Watu walijifunza kusoma ugonjwa kwa macho. Umekonda, unakohoa, unatoka jasho usiku: basi, faili imefungwa. Wazee wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Vijana walitumia majina mengine. Hakuna aliyegonga.

Mjomba wangu wa Nyatike, ambaye kwetu tunamwita nera, alipitia hukumu hiyo. Alianza na nimonia. Duka moja la dawa likamuuzia kapsuli za siku mbili, kwa sababu pesa yake ilitosha siku mbili. Homa ikashuka, ikarudi. Mwezi ulipoisha alikuwa ameisha kama ukuni, na majirani walishapitisha uamuzi. Aliyemwokoa alikuwa afisa wa kliniki wa rika langu. Alimkalisha, akamgonga mgongoni kwa vidole viwili, kulia kisha kushoto. Kulia kukalia. Kushoto kukajibu kama ukuta. Eksirei ikathibitisha, sindano ikachomoa usaha, mpira ukaingizwa kati ya mbavu. Wageni waliokuja kumwona walitazama ile chupa chini ya kitanda kuliko uso wake. Maji yalipanda na kushuka kila alipopumua. Vipimo vya virusi na vya TB viliporudi, havikuwa na ile habari ambayo kijiji kilikuwa kimeshaitangaza.

Nilichojifunza hapo ni kwamba yule kijana hakutumia kitu ambacho Auenbrugger hakuwa nacho, hadi alipoomba eksirei. Vidole vyake tu, na dakika tano za kumsikiliza mtu ambaye wengine walikuwa wamemaliza naye.

Mwaka wa 2011 ulileta habari mbili kwa mpigo. Watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio ya dawa mbili zinazopitishwa ndani ya mpira kuvunja vile vyumba vya usaha na kuulainisha, ili utoke vizuri zaidi. Dawa hizo ni ghali, na si kila hospitali inazo. Mwaka huohuo Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya nimokokasi, bakteria anayeongoza kwa nimonia. Utafiti wa Kilifi ulikuja kuonyesha kwamba maambukizi makali ya aina za bakteria zilizolengwa na chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto chini ya miaka 5. Habari ya kwanza inahusu kutoa usaha vizuri. Ya pili inahusu usaha kutotokea kabisa. Ukiniuliza ni ipi iliyookoa watoto wengi zaidi kati ya Mbita na Muhuru Bay, sitafikiria mara mbili.

Kwa watu wazima kama wewe na mimi, bado ni mambo ya siku. Ukiandikiwa dozi, maliza dozi. Ukinunua vidonge nusu kwa sababu ya pesa, jua umenunua muda tu, tena muda mbaya. Na kama umemeza dawa za nimonia siku tatu na homa haijashuka, au imeshuka ikarudi, au ukivuta pumzi upande mmoja unachoma kama kisu, usirudi dukani kubadilisha rangi ya kapsuli. Nenda hospitali. Kama foleni ni ndefu na aliye mezani anaandika bila kukutazama, si utovu wa adabu kuomba. Vua shati, geuka, sema: daktari, naomba unigonge kifua kwanza.