Gari Linalala Wapi?

Nimezeeka nikikatia watu bima Namanga, upande wa Tanzania, na katika fomu zote zilizopita mikononi mwangu kuna swali moja ambalo wateja hulijibu bila kufikiri: gari linalala wapi? Wanasema, "Nyumbani." Kwa mtu mwenye nyumba mbili, moja Arusha na nyingine Kitengela, Kenya, hapo bado hajajibu.

Uzito wa swali hilo una historia. Bima ya lazima tuliirithi kwa Waingereza. Wao waliipitisha kwao mwaka 1930, na katika miaka ya 1940 serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika zikaweka sheria zinazofanana na ile: kila gari liwe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeumizwa nalo barabarani, hii tunayoiita bima ndogo. Kila sheria iliishia mpakani, lakini wakati ule mpaka haukumsumbua mtu sana. Kampuni nyingi zilikuwa za Kiingereza, na ofisi ya Nairobi ilihudumia eneo zima.

Mambo yalibadilika baada ya Azimio la Arusha, 1967. Biashara ya bima Tanzania Bara iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, na ikabaki huko mpaka sheria ya 1996 ilipofungua soko. Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka mwezi Februari, na magari ya watalii kutoka Kenya yaliyokuwa huku yakazuiliwa. Waliokuwa na gari upande mmoja na familia upande wa pili walijua siku hiyo maana ya kutenganishwa na mali yako. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mwaka uliofuata, kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, nchi tatu zikatia saini mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya.

Ndipo ikaja kadi ya njano, bima ya gari linalovuka mpaka. Ulaya walikuwa na kadi yao ya kijani tangu 1953. Nchi za Eneo la Biashara Nafuu, PTA, zilitia saini itifaki ya kadi yetu Addis Ababa tarehe 4 Desemba 1986, na mwaka uliofuata kazi ikaanza. PTA baadaye ikawa COMESA, na mpaka leo madereva husema "nikatie Komesa". Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye kadi ikabaki. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko kujitoa kwenyewe.

Utaratibu wake ni huu. Unakata bima ya kwenu kwanza, halafu kadi inaongezwa juu yake. Ukigonga mtu Kenya, ofisi ya kadi ya huko inashughulikia madai kwa sheria ya Kenya, kisha inadai fedha zake kwa waliotoa kadi. Upande wa Kenya kazi hiyo imekuwa ya Kenya Re, huku kwetu ya NIC. Aliyeumizwa hahitaji kumfuata dereva mpaka Singida.

Lakini tazama kadi ilitengenezwa kwa ajili ya nani: lori la Dar es Salaam linalokwenda Kigali au Lusaka, lishushe mzigo, lirudi. Ni bima ya gari linalopita. Mwenye maisha mawili hakufikiriwa kabisa. Kusini mwa Afrika walitafuta njia nyingine. Afrika Kusini na Botswana tozo ya kuwalipa wanaoumizwa barabarani hukatwa kwenye mafuta, kwa hiyo hata gari la kigeni huchangia pale kwenye pampu.

Nilikuwa na mteja, kijana wa Arusha aliyepata kazi Nairobi. Gari lake, Corolla yenye namba za Tanzania, likahamia naye Kitengela kimyakimya. Kila mwaka alikata kwetu bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, na Komesa juu yake, na kwenye fomu akaandika gari linalala Sakina, Arusha, kwa mama yake. Alipogonga pikipiki Athi River, mwendesha pikipiki alilipwa kupitia kadi. Bodi ya Corolla haikulipwa. Kampuni ilisema bima kubwa iliishia mpakani, na kwamba gari halijalala Sakina muda mrefu.

"Mama, lakini kadi si ninayo?" aliniuliza.

"Unayo, mwanangu. Kadi ni ya yule uliyemgonga. Gari lako haihusiki nalo."

Nilimshauri alisajili Kenya, alilipie ushuru, akate bima ya huko. Ikashindikana: Kenya haikubali kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, na Corolla yake ilikuwa imepita umri huo zamani. Kibali cha forodha cha gari la kigeni nacho ni cha muda, si cha kuishi.

Basi gari likarudi Sakina. Tulijaza fomu upya: mmiliki anaishi Kitengela, gari linalala Sakina, dereva ni mdogo wake. Kampuni ikaongeza bei kidogo kwa sababu ya umri wa dogo, mteja wangu akanung'unika, akalipa. Akija likizo huteremka kwenye basi Namanga, na mdogo wake huja kumchukua.