Utetezi katika kesi ya shambulio la nyumbani (Kenya)

Utetezi katika kesi hii ni kazi ya wakili ya kuupima ushahidi dhidi ya mtu anayedaiwa kumpiga mwenzi au jamaa yake. Kwa kawaida shtaka huletwa chini ya kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, shambulio la kusababisha madhara ya mwili, ambacho adhabu yake hufika miaka 5 jela. Wengi huona kumtetea mshtakiwa wa namna hii ni kuubariki ukatili. Hawaoni kwamba Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 humhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na kwamba ugomvi wa chumbani mara nyingi hauna shahidi wa tatu. Ndiyo maana fomu ya P3, anayoijaza daktari, ina uzito: je, umri wa jeraha ulioandikwa humo unaafikiana na siku inayotajwa? Alama kwenye mikono ya mshtakiwa nazo zaweza kuunga mkono dai la kujihami.

Wapo wanaosema njia fupi ni kumbembeleza mlalamikaji aondoe malalamiko. Ni ushauri mbaya. Kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka mahakama iridhike kwanza kuwa sababu zinatosha, na mshtakiwa anayemfuata mlalamikaji huhatarisha dhamana yake, tena humtia hofu mtu ambaye huenda kweli ameumizwa.